Ufunguo wa Boksi la Majaketi

Jumatatu asubuhi, saa mbili kasoro robo, Pius Shimba alikuwa amekaa kwenye kibanda chake pale stendi ya Buzuruga akikwangua penseli kwa wembe. Hakuwa na haja ya kuandika. Alitaka ule unga mweusi wa katikati, ambao ulikuwa ukidondoka kidogo kidogo juu ya kipande cha gazeti, na ulipofika kiasi cha kijiko cha chai aliukunja akautia mfuko wa shati. Ndiyo dawa ya kitasa kinachokwama. Unaupuliza kwenye tundu la ufunguo kwa mrija wa soda, unaingiza ufunguo, unautoa, unauingiza tena, basi.

Miaka ishirini na miwili amewaambia watu hivyo na hawasikii. Mwanza hii, kitasa kikigoma, mtu anakimbilia jikoni. Anatia mafuta ya kupikia, na kama ni mtu wa mwaloni, kule soko la samaki ufukoni, anatia mafuta ya sangara, maana hayo yapo tu, kila mama muuza samaki anayo kwenye kikaango. Siku ya kwanza ufunguo unateleza raha mustarehe. Wiki ya pili yale mafuta yameshika vumbi, yameshika na vile vijidudu vya ziwani vinavyokuja kama moshi, yameganda yamekuwa gundi. Hapo ndipo wanamkumbuka Pius. "Fundi, sijui kitasa kimepatwa na nini." Kimepatwa na wewe, mama.

Mwaka huo hata hivyo vitasa vilikuwa na shida nyingine juu ya hiyo, nayo ilikuwa maji.

Saa tatu alifika kwa Renatha, upande wa kwenda Kisesa, nyumba ya bati jekundu. Renatha alikuwa anamsubiri mlangoni na beseni.

"Karibu fundi. Ni mlango huu. Tangu Ijumaa ufunguo unaingia nusu."

Pius alichuchumaa, akaingiza waya wake kwenye tundu, akauzungusha. Maji yakatoka. Yalitoka kama kikombe kizima, ya baridi, yananuka dagaa, na mwisho likatoka gamba moja la samaki. Renatha alikinga beseni pasipo kulowesha sakafu, maana alishazoea.

"Baba Rachel huwa anakuja saa ngapi?" Pius aliuliza.

"Saa kumi. Ile ile aliyokuwa anafika akitoka safari. Anahangaika na ufunguo hapo nje mpaka watoto wanamwonea huruma. Sasa mkono umelowa, ufunguo umelowa, kitasa kitaacha kushika kutu?"

Baba Rachel, mume wa Renatha, jina lake Mutalemwa, alikuwa amezama ziwani miezi kumi na moja nyuma, pamoja na watu wengine thelathini, boti iitwayo Precious ilipopinduka ikirudi kutoka kisiwani siku ya Ijumaa. Watu hao walikuwa wanarudi nyumbani, na wameendelea kurudi. Wanafika saa kumi, na funguo zao mfukoni. Wakishaingia wanakaa, wanachuruzika maji, na jua likizama wanaondoka. Familia zimenunua mabeseni. Dorotea, marehemu mke wa Pius, hakuwahi kurudi hata siku moja, kwa sababu yeye alifia wodini, na waliofia wodini funguo zao hubaki juu ya kabati.

"Anasema chochote?" Pius aliuliza, akipuliza unga kwenye tundu. Hakumtazama Renatha.

"Swali lile lile. 'Ufunguo wa boksi anao nani?' Namwambia Baba Rachel, boksi gani? Humu ndani hatuna boksi. Anauliza tena." Renatha alimwaga maji kwenye migomba. "Wewe unalijua hilo boksi?"

"Hapana, mama," Pius alisema. Alikusanya vifaa vyake akaondoka haraka kuliko kawaida yake, hata chai hakunywa.

Alikuwa anadanganya. Alilijua vizuri sana.

Jumanne ilikuwa gari. Marehemu Kahigwa, aliyezama na Precious, alikuwa dereva wa teksi, na Probox yake ilikuwa bado imeegeshwa uani kwake, inamilikiwa sasa na mjane wake, Hellen, ambaye alikuwa anajifunza kuendesha ili asiiuze. Mlango wa dereva ulikuwa haufunguki, na swichi ya kuwashia ilikuwa ngumu kama imepigwa riveti. Kiti cha mbele kilikuwa kimelowa chapachapa.

"Anaingia, anakaa, anajaribu kuwasha," Hellen alisema. "Nimemwambia Kahigwa, utaua betri. Hanisikii."

Pius alifanya kazi ile kwa utaratibu. Kwenye gari huanzi na unga. Unaanza na kufukuza maji kwa spiriti, unasubiri ikauke, ndipo unapuliza penseli, na kwenye swichi unatia kidogo sana maana kuna nyaya za umeme karibu. Mlango ulifunguka. Swichi ilizunguka. Alikuwa bado ameinama chini ya usukani saa kumi ilipogonga, Kahigwa akaja akasimama pembeni akisubiri kiti chake, mpole, suruali imemgandama miguuni.

"Pole na kazi, fundi," Kahigwa alisema.

"Asante, ndugu yangu."

"Ufunguo wa boksi anao nani?"

Pius alitoka ndani ya gari akampisha. Alikuwa mtu mwoga, siwezi kumpamba, na kitu alichokuwa anakiogopa zaidi ya wafu wote wale ni kwamba siku moja mmoja wao angejibu swali hilo mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Wiki mbili kabla Precious haijazama, mwenye boti, Bosi Jonathan, alimwita Pius mwaloni. Kwenye boti kulikuwa na boksi la chuma lenye majaketi ya kuokolea arobaini, limefungwa kwa kufuli, na kufuli lilikuwa linakwama. Siku hiyo Pius alikuwa amesahau penseli nyumbani. Kurudi Buzuruga kuifuata aliona uvivu. Pembeni kulikuwa na mama anakaanga samaki, naye Pius, fundi wa miaka ishirini na miwili, alichovya kijiti kwenye kikaango akadondosha mafuta ya sangara kwenye tundu la lile kufuli. Liliteleza. Bosi Jonathan alimpiga begani akamwambia yeye ni kiboko. Wiki mbili baadaye, upepo ulipokuja na boti ikalala ubavu, nahodha aliingiza ufunguo ukagota. Aliulazimisha, ukakatikia ndani. Walionusurika ni wanne, waliong'ang'ania madumu ya mafuta ya taa, nao walisema hivyo hivyo mbele ya wachunguzi: ufunguo ulikatika. Kwenye karatasi iliandikwa upepo mkali.

Jumatano Bosi Jonathan alimpigia simu.

"Fundi wangu! Boksi limepatikana. Wavuvi wamelinasa kwenye nyavu. Zima kabisa, halijapasuka. Njoo unitolee kipande cha ufunguo."

Precious lilikuwa jina la binti wa kwanza wa Bosi Jonathan. Boti mpya ilikuwa imeshapakwa rangi ya bluu, inasubiri kuanza safari Jumatatu, na ubavuni iliandikwa Precious ya Pili. Boksi lilikuwa limeshawekwa katikati ya sitaha, pale pale lilipokuwa kwenye ile ya kwanza. Pius alipiga magoti mbele yake akafanya kazi yote ambayo angepaswa kuifanya mwaka uliopita. Alikitoa kipande cha ufunguo kwa koleo ndogo. Akakwangua ile gundi ya mafuta, kahawia, imejaa mbawa za vijidudu. Akaosha kwa spiriti, akakausha, akapuliza unga. Akaona haitoshi, akapuliza tena. Kisha akachonga ufunguo mpya, na kufuli likafunguka kwa kuguswa tu.

Ndani majaketi yalikuwa arobaini, makavu, bado yako ndani ya nailoni za dukani.

"Mungu mkubwa," Bosi Jonathan alisema kwa furaha. "Hata moja halijaharibika. Kesho mkaguzi anakuja kuhesabu. Funga."

"Bosi, tungeacha wazi."

"Wazi?" Bosi Jonathan alimwangalia kama amemtukana. "Unawajua watu wa huku wewe? Ukiacha wazi, safari moja tu yameisha. Huyu anafanya godoro, huyu anampelekea shemeji yake avulie. Mkaguzi akija anakuta boksi tupu, boti inasimamishwa. Majaketi haya ni ya kukaguliwa, fundi. Funga."

"Ile ya kwanza walikufa yakiwa yamefungwa."

"Ile ya kwanza ulikuwa upepo. Imeandikwa."

"Bosi, lile kufuli mimi nilitia mafuta ya sangara." Maneno yalimtoka Pius yenyewe. "Ni mimi."

Bosi Jonathan akacheka taratibu, akamshika mkono kama mtu anayemfariji mgonjwa. "Usijibebeshe mizigo, Pius. Imeandikwa upepo. Ukisema mafuta, watakuuliza wewe, halafu wataniuliza na mimi. Faida gani?" Akalifunga kufuli, ufunguo akautia kwenye shada la funguo za gari lake, akaondoka.

Hapo ndipo inabidi nimtaje Gladness. Gladness ndiye mtoto pekee wa Pius. Alimaliza chuo cha ualimu akakaa nyumbani miaka minne akisubiri ajira, akiuza vocha kwenye kibanda cha baba yake, akizeeka huku anajiona. Mwezi huo jina lake lilitoka. Amepangiwa shule ya msingi kisiwani, aripoti Jumatatu, asiporipoti nafasi inakwenda kwa mwingine. Angepangiwa Sengerema angepanda kivuko cha Kamanga na baba yake angelala usingizi. Kisiwani kuna boti moja tu ya abiria, nayo ni Precious ya Pili.

Usiku Pius hakulala. Ila alikuwa fundi wa funguo, na fundi wa funguo akichonga ufunguo mmoja mkono wake unaukumbuka. Alhamisi alichonga wa pili.

Jumapili baada ya ibada alilainisha kitasa cha nyumba yake mwenyewe, kazi aliyokuwa ameiahirisha tangu Pasaka, kisha akamwita binti yake kibarazani.

"Toa shada lako la funguo."

Gladness alilitoa. Lilikuwa na ufunguo mmoja tu, wa nyumba. Pius akatia wa pili pembeni yake.

"Huu wa nini, baba? Umeninunulia gari?"

"Ni wa boksi la majaketi kwenye boti. Kaa karibu na boksi. Boti ikianza kuyumba, usimngoje nahodha wala mtu yeyote. Fungua, uvae, ugawe."

Gladness alianza kucheka, akamwona baba yake uso, akaacha. Pius akamweleza yote, kikaango, kijiti, wiki mbili. Alilia akieleza, na Gladness hakuwahi kumwona akilia hata mama yake alipofariki. Mbele yao kuku wa jirani alikuwa anaparua mchanga.

"Kwa hiyo Baba Rachel anakuuliza wewe," Gladness alisema mwishowe.

"Ananiuliza mimi."

"Basi nikikutana naye nitamwambia ninao mimi." Aliuvuta ufunguo, akaukagua kwenye jua, akautia mfukoni. "Usilie, baba. Umenichongea vizuri."

Jumatatu saa mbili asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Precious ya Pili ilijaa. Gladness alikuwa ameshapanda, na alikuwa amekaa juu ya boksi kama alivyoagizwa, begi mapajani. Kulizunguka boksi hilo walikuwa wamekaa pia Mutalemwa, Kahigwa na wale wengine, wamelowa, kimya. Abiria waliwasogezea nafasi, wakanyanyua mabegi yao yasiloane. Mama mmoja alihamisha gunia lake la mchele.

Pius alikuwa anapunga mkono kutoka ufukoni alipoliona kufuli. Lilikuwa kubwa, la njano, jipya, lina stika ya dukani.

"Bosi," alisema. "Kufuli gani lile?"

Bosi Jonathan alikuwa amesimama pembeni yake na simu mkononi, anapiga picha. "Ah, nimebadilisha jana. Lile la zamani ulilainisha mno, fundi. Nahodha alilifungua kwa msumari, anacheza tu. Sasa kufuli gani hilo?" Akaingiza mkono mfukoni akalitoa lile la zamani. "Chukua, nakupa. Utapata pa kulitumia."

Injini ilikuwa imeshawaka. Pius aliingia majini na viatu, mpaka magotini, mpaka kiunoni, akaita jina la binti yake. Kelele za injini zilikuwa nyingi. Gladness alimwona. Alidhani anamkumbusha, akatabasamu, akanyanyua shada la funguo juu akalitikisa, funguo mbili zikametameta. Pius akampigia simu. Namba haikupatikana, kwa maana kisiwani hakuna umeme na Gladness alikuwa ameizima kutunza chaji, mtoto mwenye akili vile.

"Utapata homa, toka huko," Bosi Jonathan alisema.

Pius alikwenda kazini. Angekwenda wapi? Alikaa kibandani na suruali mbichi, na wateja wakaja. Siku hiyo hakuna kitasa kilichotoa maji. Renatha alipita akasema mlango wake mkavu, ajabu, labda Baba Rachel ana shughuli. Saa nne upepo ulianza, ukaangusha mwavuli wa muuza chipsi. Saa tano mabati ya stendi yalikuwa yanapiga kelele. Pius alipiga simu mara kumi na saba.

Saa tisa redio ya kibanda cha pili ilisema. Boti ya abiria imepinduka. Chanzo ni upepo mkali. Mmiliki amethibitisha kwamba vifaa vyote vya usalama vilikuwemo, vilikaguliwa Alhamisi, na boksi limeshaopolewa. Majaketi ni arobaini, hakuna hata moja lililopotea.

Pius alifunga kibanda. Watu walimwambia akimbilie mwaloni, miili inaletwa, wengine labda wamepona, akawashukuru, akaenda nyumbani. Alitaka kufika kabla ya saa kumi. Alifunga mlango kwa ndani, akavuta kiti, akakaa akikitazama kitasa. Lile kufuli la zamani lilikuwa bado mfukoni linamchoma paja.

Saa kumi zilisikika hatua kibarazani, na sauti ya viatu vilivyojaa maji. Ufunguo ukaingia kwenye tundu. Ukaingia robo, ukagota. Ukatikiswa, ukasukumwa, ukagota tena. Pius aliufahamu kwa sauti yake, kila jino lake alikuwa amelichonga yeye. Haukuwa wa mlango huu. Yule wa nje aliujaribu muda mrefu, kwa haraka, kwa nguvu, kama mtu anayepigania roho, na maji yakaanza kuchuruzika kwenye tundu yakafuata mbao mpaka chini.

Kisha ukatoka. Ukaingia ule wa pili, ukazunguka mara moja bila kukwama popote, na mlango ukafunguka.

"Shikamoo, baba," Gladness alisema. Nywele zilikuwa zimemgandama usoni na begi la shule lilikuwa bado begani. "Ule ufunguo haukuingia."

"Marahaba, mwanangu," Pius alisema. Akainuka kwenda kuleta beseni.